Njia, Mkuza na Kisima: Historia Fupi ya Istilahi za Umeme na Mafuta Mkoani Singida

Utangulizi

Mkoa wa Singida, ulio katikati ya Tanzania Bara, unajulikana kwa wengi kwa upepo wake na kwa alizeti yake. Mtu akitaja "mafuta" sokoni Kiomboi au mjini Singida, anayemsikiliza hafikirii kitu kitokacho chini ya miamba. Huyafikiria mafuta ya kupikia yaliyokamuliwa kutokana na mbegu za alizeti, yakatiwa katika madumu na kupangwa kando ya barabara kuu. Hali kadhalika, mtu akitaja "kisima", hufikiriwa maji. Katika nchi hii kavu kisima cha maji ni uhai wenyewe, wala hapana neno linalopendwa kuliko hilo.

Lakini katika miaka ya karibuni maneno hayo mawili, "kisima" na "mafuta", yameunganishwa kuwa istilahi moja, "kisima cha mafuta", na istilahi hiyo imefika Singida karibu wakati mmoja na nyaya za umeme wa msongo mkubwa kuliko zote zilizopata kujengwa mkoani humo. Mambo hayo mawili yana sheria mbalimbali, wadhibiti mbalimbali na msamiati mbalimbali. Ardhi yanayoihitaji, hata hivyo, ni moja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi msamiati wa umeme na ule wa mafuta ulivyokua kila mmoja kwa njia yake, na jinsi ulivyokutana Singida bila ya kupatanishwa. Tutajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mgongano baina ya waya na kisima ni mgongano wa maneno, na kwamba anayepata hasara ya kwanza maneno yanapogongana ni mwananchi mwenye shamba. Mwishoni tutatoa mapendekezo machache ili yajadiliwe.

Msamiati wa umeme

Neno "umeme" lenyewe ni la kale. Maana yake ya kwanza ni ule mwanga wa ghafula uonekanao mawinguni kabla ya ngurumo. Nguvu mpya ya mitambo ilipoingia Afrika ya Mashariki, watu wengi waliiita "stima", neno lililotokana na meli na mashine za mvuke, na nchini Kenya jina hilo lingali linatumika katika mazungumzo ya kila siku. Upande wa Tanzania "umeme" ndio uliotawala, na huo ni mfano mzuri wa neno la wenyeji lililopewa kazi mpya bila ya kunyang'anywa ile ya zamani.

Mwaka 1931, wakati wa utawala wa Waingereza, ilitungwa Sheria ya Umeme ya Tanganyika, na katika mwaka huo huo makampuni yaliyokuja kuwa msingi wa Shirika la Umeme yaliundwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Serikali ilianza kuyachukua, na mwaka 1975 umiliki wake ukawa wa taifa kabisa. Sheria ile ya 1931 iliandikwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mafundi waliosimamisha nguzo walilazimika kujitungia maneno yao wenyewe kazini. Walisema "laini", "nguzo", "waya", na baadaye "gridi". Kituo kinachopunguza nguvu ya umeme ili uweze kugawiwa majumbani walikiita "kituo cha kupoza umeme". Hapana kamati iliyoketi kulitunga jina hilo, lakini kila mtu analielewa: kilichokuwa kikali kimepozwa kama upoozavyo uji.

Neno "msongo" nalo lina sifa kama hiyo. Limetokana na kitenzi "songa", chenye maana ya kubana au kukandamiza, na leo Shirika la Umeme hutangaza "njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 220" na watu wakaelewa kwamba tarakimu ikikua hatari nayo imekua. 

Mkoani Singida tarakimu hizo zimekua mara mbili. Katika miaka ya 1980 njia ya kilovoti 220 ilijengwa kutoka kusini, kwenye umeme wa maji wa Kidatu na Mtera, ikapita Dodoma na Singida kwenda Shinyanga na Mwanza. Katika muongo wa 2010 ikajengwa njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670. Kisha ikafuata njia nyingine ya kilovoti 400, inayotoka Singida kupitia Babati, Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, ambayo ilianza kupitisha umeme mwishoni mwa mwaka 2024. Hivyo mji wa Singida umekuwa njia panda ya umeme wa Afrika ya Mashariki, mahali ambapo gridi ya kusini na ile ya kaskazini zinashikana mikono.

Msamiati wa mafuta

Msamiati wa mafuta una historia iliyo fupi zaidi, tena ulikuja kwa njia nyingine. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania liliundwa mwaka 1969 na kuanza kazi mwaka 1973. Mwaka uliofuata gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, na mwaka 1982 ikagunduliwa Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Sheria ya utafutaji na uzalishaji ilitungwa mwaka 1980, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Kazi hizo zote zilifanyika mbali na Singida, mwambao wa bahari, na zilifanywa na wataalamu wachache walioongea na wenzao wa ng'ambo. Wakati mafundi wa umeme walikutana na wananchi kila siku barabarani, watafutaji wa mafuta walikutana na wananchi mara chache sana. Kwa sababu hiyo istilahi zao nyingi hazikuzaliwa kazini bali ofisini, na nyingi ni tafsiri za neno kwa neno.

Tuchukue mifano miwili.

Kwanza ni neno "petroli". Katika jina la Shirika na katika jina la Sheria ya 2015, petroli ina maana ya mafuta ghafi na gesi asilia kwa jumla, kama yalivyo chini ya ardhi. Lakini kwa dereva na kwa mwenye pikipiki, petroli ni kile kinachouzwa kituoni, kilicho tofauti na dizeli na mafuta ya taa. Basi mwanakijiji anayeambiwa kwamba "petroli inatafutwa" katika bonde lake ana haki ya kudhani kwamba kuna kitu ardhini kinachoweza kutiwa moja kwa moja katika tangi la pikipiki.

Pili ni neno "mkondo". Kwa desturi ya lugha za kigeni, kazi za mafuta hugawanywa kwa mfano wa mto. Kutafuta na kuchimba ni "mkondo wa juu". Kusafirisha na kusafisha ni "mkondo wa kati". Kuuza ni "mkondo wa chini". Kwa hiyo chombo kilichoundwa na Sheria ya 2015 kudhibiti utafutaji na uchimbaji kinaitwa Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli. Mfano wa mto haudhuru mahali ambapo watu wote wameuzoea. Lakini katika fizikia ya Kiswahili, inayofundishwa shuleni, "mkondo" ni mwendo wa umeme ndani ya waya. Tena katika Singida waya ndio ulio juu na kisima ndicho kilicho chini. Hivyo istilahi "mkondo wa juu" humwelekeza msomaji atazame angani, kwenye waya, ilhali inayokusudiwa ni miamba iliyo mamia ya mita chini ya miguu yake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa istilahi mbili za kitaalamu kukanyagana.

Mafuta yafika Singida

Mafuta yamefika Singida kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni Bonde la Eyasi na Wembere, ambalo lina sehemu yake katika wilaya za Iramba na Mkalama na kuenea hadi mikoa ya jirani, ikiwamo Tabora, Simiyu na Arusha. Eneo hilo si geni kwa wachimbaji, kwani dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilichimbwa tangu wakati wa Wajerumani. Katika muongo wa 2010 Shirika la Petroli lilifanya vipimo vya bonde hilo kwa ndege. Baadaye vilichorongwa visima vifupi ili kusoma tabaka za miamba, na takwimu za mitetemo zikakusanywa. Visima hivyo havikukusudiwa kutoa mafuta, bali kutoa habari. Lakini kwa mtu wa kawaida kisima ni kisima, na kisima kilichochimbwa ni kisima chenye kitu.

Mlango wa pili ni bomba. Mafuta yaliyogunduliwa Uganda mwaka 2006, karibu na Ziwa Albert, hayana njia ya kufika baharini ila kwa kupita nchi nyingine. Mwaka 2017 Serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kujenga bomba kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda upesi, kwa hiyo bomba sharti lipashwe moto, lisipungue nyuzi 50 za Selsiasi, kwa nyaya za umeme zinazolazwa pamoja nalo. Mkuza wake una upana wa mita 30, na Singida ni mojawapo ya mikoa minane ya Tanzania inayopitiwa.

Msomaji akitazama ramani ataona jambo lililotufanya tuandike makala haya. Bomba linatoka magharibi, upande wa Igunga, na kwenda mashariki, upande wa Kondoa. Nyaya za kilovoti 400 zinatoka mjini Singida kwenda kaskazini-magharibi hadi Shinyanga na kaskazini-mashariki hadi Babati. Basi bomba na waya haviwezi kupitana bila ya kukutana. Na endapo siku moja bonde la Wembere litatoa mafuta, visima vyake vitahitaji umeme wa kusukumia, na umeme huo utatoka katika nyaya zile zile. Waya na kisima vitazozana kuhusu ardhi, na huku kila kimoja kikimhitaji mwenzake.

Mgongano wenyewe

Tueleze kidogo kwa nini waya na bomba, au waya na kisima, haviwezi kuwekwa pamoja ovyo ovyo.

Bomba la chuma likienda sambamba na waya wa msongo mkubwa kwa masafa marefu, umeme hujitokeza ndani ya chuma hicho ingawa waya haukukigusa. Umeme huo unaweza kumdhuru fundi anayelishika bomba na unaweza kuharibu mpango wa kulikinga na kutu. Mtambo wa kuchorongea visima una mnara mrefu, ambao haufai kusimamishwa karibu na waya. Kisima chenye gesi kinaweza kutoa hewa inayoshika moto kwa cheche moja. Kwa upande wake, nguzo ya umeme haipendi ardhi inayochimbwa au kutikiswa karibu na msingi wake. Matatizo hayo yote yana dawa inayojulikana na wahandisi: kutenganisha kwa umbali, kukatisha kwa pembe pana badala ya kwenda sambamba, na kupima mara kwa mara. Lakini dawa yo yote inataka kwanza pawe na mtu wa kuamuru nani asogee na nani alipe.

Hapo ndipo tunapowakuta wadhibiti. Umeme na bomba la kusafirishia mafuta vimo chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2001, pamoja na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Kisima kimo chini ya Mamlaka ya Mkondo wa Juu. Mazingira yana chombo chake. Ardhi ina Wizara yake na sheria zake mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kila sheria ilitungwa kwa wakati wake na kwa haja yake, na kila moja ina maneno yake ya kuutajia ule ukanda wa ardhi ambamo kitu kinapita.

Wenye barabara na wenye reli husema "hifadhi": hifadhi ya barabara, hifadhi ya reli. Katika mkoa ambao wilaya ya Manyoni ina mapori ya akiba makubwa, neno "hifadhi" limekwisha kuchukuliwa na wanyama. Wenye umeme husema "njia ya umeme", na kwa neno hilo hilo humaanisha waya wenyewe na pia ardhi iliyo chini ya waya. Wenye bomba husema "mkuza". Basi tangazo moja likisema "ni marufuku kulima ndani ya njia" na jingine likisema "mkuza umekwisha kuwekewa alama", na yote mawili yakabandikwa katika ofisi moja ya kijiji, je, yanasema juu ya ukanda mmoja au miwili? Na pale kanda hizo zinapokatana, kipande kile cha pembe nne ni cha nani? Lugha yetu haijatoa jina la kipande hicho. Na kitu kisicho na jina ni vigumu kukiandikia sheria.

Mfano kutoka nje

Si sisi peke yetu tuliopatwa na hali hii. Katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1891 iliundwa Tume ya Reli ili kusimamia makampuni ya reli. Mwaka 1917 tume hiyo ilipewa usimamizi wa mabomba ya mafuta, kwa kuwa nayo husafirisha, na baadaye kidogo ikapewa visima. Kazi yake ya mwisho ya reli iliondolewa mwaka 2005, lakini jina halikubadilika: hadi leo anayetaka kuchimba kisima cha mafuta Texas huenda kwa Tume ya Reli. Nyaya za umeme zina tume nyingine, iliyoundwa mwaka 1975. Mwezi wa Aprili 2025 tume hiyo ya pili iliidhinisha nyaya za kilovoti 765 kwa ajili ya Bonde la Permian, ambako visima vya mafuta ni vingi mno na vinataka umeme.

Huko Texas, hata hivyo, upo msingi mmoja wa kisheria unaosaidia kuamua: haki ya mwenye mali iliyo chini ya ardhi kwa kawaida huitangulia haki ya mwenye uso wa ardhi, na watu binafsi wanaweza kumiliki vyote viwili. Kwetu mambo ni mengine. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mafuta yaliyomo chini ni mali ya Jamhuri. Anayejenga njia ya umeme hupata ruhusa kwa Serikali, na anayechoronga kisima hupata ruhusa kwa Serikali hiyo hiyo. Kwa hiyo wakigombana, hatuna wenye mali wawili wanaogombana, bali tuna karatasi mbili za mwenye mali mmoja. Na karatasi hazina silaha nyingine ila maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Majirani zetu Wakenya nao wamekwisha kuona gharama. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini ulikaa bila ya kutoa umeme hadi mwaka 2018 kwa sababu njia ya kuupeleka Suswa ilikuwa haijakamilika. Kufilisika kwa mkandarasi kulikuwa sababu mojawapo. Mabishano juu ya ardhi ya kupitishia waya yalikuwa sababu nyingine.

Mwananchi na maneno

Tumfikirie sasa mkulima wa alizeti wilayani Iramba, mwenye hati ya hakimiliki ya kimila ya ekari chache. Hatumtaji mtu fulani; tunamfikiria tu. Maneno manne humjia kwa barua au kwa mkutano wa kijiji, na kila moja linataka kuangaliwa.

La kwanza ni "kupisha". Husemwa kwamba wananchi wamepisha mradi. Katika adabu yetu kupisha ni kumwachia mtu nafasi apite: kijana humpisha mzee, mwenye baiskeli humpisha mwenye mzigo, na akisha kupita wewe unarudi katika njia yako. Mkulima anayetakiwa kupisha ana haki ya kufikiri kwamba atarudi. Lakini pengine hatarudi kabisa, au atarudi kwa masharti.

La pili ni "kupitisha" na la tatu ni "kutwaa". Sheria zetu zinajua tofauti baina ya kumpa mtu haki ya kupitisha kitu katika ardhi ambayo inabaki yako, na kuitwaa ardhi yenyewe ikawa si yako tena. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote zilizomo katika jambo hili. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, yote mawili huitwa "kuchukua eneo".

La nne ni "fidia". Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi. Lakini hadi leo yasikika maneno "kifuta jasho" yakitumiwa mahali pa fidia. Kifuta jasho ni kile apewacho mtu kwa wema wa mtoaji, hakidaiwi mahakamani. Fidia ni haki, nayo hudaiwa. Afisa anayebadilishana maneno hayo mawili bila ya kujali, hata kama nia yake ni njema, amempunguzia mwananchi haki yake kwa ulimi tu.

Zamani mtu angeweza kujibu kwamba mambo haya hayana uzito, kwa kuwa sheria halisi ilikuwa ni ile ya Kiingereza na Kiswahili kilikuwa ni cha maelezo tu. Jibu hilo halifai tena. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo istilahi ya Kiswahili imepata nguvu ya kutoa shamba na kulirudisha. Wataalamu wa istilahi hawana budi kulijua hilo kila wanapoketi kazini.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo:

(1) Mkuza. Litumike kwa ukanda wa ardhi uliopimwa na kuwekewa mipaka kwa ajili ya kitu kinachopita, na lifuatwe daima na jina la kitu hicho: mkuza wa umeme, mkuza wa bomba, mkuza wa reli. Faida ya neno hili ni kwamba halina kazi nyingine nzito katika lugha ya kila siku.

(2) Njia ya umeme. Libakie kwa waya na nguzo zake tu, si kwa ardhi.

(3) Makutano ya mikuza. Liwe jina la kile kipande ambamo mikuza miwili inakatana. Mkuza uliotangulia kuandikishwa uitwe "mkuza wa awali", na uliofuata "mkuza wa baadaye", ili mtunga sheria apate maneno ya kusemea nani atalipia kinga.

(4) Haki ya kupitisha na utwaaji. Yatumike kila moja kwa maana yake, wala yasichanganywe na "kupisha", ambalo liachwe katika adabu za barabarani.

(5) Kisima. Neno hili lisisimame peke yake katika hati yo yote. Pasemwe kisima cha maji, kisima cha kusomea miamba, kisima cha utafutaji au kisima cha uzalishaji. Kisima cha kusomea miamba kikitajwa kwa jina lake kamili, uvumi mwingi utakufa kabla ya kuzaliwa.

(6) Msongo na mgandamizo. Msongo uwe wa umeme. Nguvu iliyo ndani ya bomba au kisima iitwe mgandamizo. Mahali ambapo waya na bomba vimelazwa pamoja, fundi asilazimike kuuliza ni msongo gani.

(7) Mkondo wa juu. Hatusemi jina la chombo cha Serikali libadilishwe. Tunapendekeza tu kwamba katika matangazo yanayopelekwa vijijini pasemwe waziwazi "utafutaji na uchimbaji", na neno "mkondo" liachiwe umeme na mito.

Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa umeme ulikulia kazini, miongoni mwa mafundi, na ule wa mafuta ukakulia ofisini, na kwamba umekutana Singida katika ardhi ya watu ambao kwao mafuta ni alizeti na kisima ni maji. Nyaya zitaendelea kuongezeka, wala hatujui bado kama Wembere itatoa kitu. Lakini hatuna haja ya kungoja kisima kitoe mafuta ndipo tulipe jina lake tangazo la kisima. Kazi ya istilahi hufanywa kabla ya mabishano. Ikichelewa, hufanywa na mawakili.

Mapendekezo yetu si ya mwisho. Utaratibu wa kuunda istilahi katika nchi yetu umetufundisha kwanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za makabila yetu, kama "ikulu" na "kitivo" yalivyopatikana. Yawezekana kabisa kwamba Kinyaturu au Kinyiramba kina neno la ule mpaka wa ardhi ulioachwa wazi baina ya mashamba, ambalo lingefaa kuliko "mkuza". Tunawaomba wasomaji wa Singida, pamoja na wahandisi, wathamini na wanasheria, watuandikie. Neno litakalomfaa mhandisi na mkulima kwa pamoja ndilo tunalolitafuta.